Kuaminika kwa mieleka ya kulipwa

Kuaminika kwa mieleka ya kulipwa ni kiwango ambacho mtazamaji huchukulia pambano la mieleka ya maonyesho kuwa la kweli, pamoja na mbinu zinazotumiwa na wanamieleka, waamuzi, watangazaji na waandaaji ili alichukulie hivyo. Mieleka ya kulipwa ni tofauti na mieleka ya Michezo ya Olimpiki. Katika hii ya kulipwa mshindi hupangwa kabla ya pambano, na wanaoonekana kuwa maadui hushirikiana ulingoni ili mmoja amrushe mwenzake bila kumvunja mifupa. Desturi ya kuificha siri hiyo huitwa kayfabe na wanamieleka wa Marekani, hutamkwa "keifebu".

Kwa kawaida hutengwa vipindi viwili. Katika mieleka ya zamani, hadi miaka ya 1980, siri ililindwa hata nje ya ukumbi na mtazamaji alitakiwa aamini. Katika mieleka ya sasa mtazamaji anajua kwamba matokeo yamepangwa, na anachotazama ni ufundi wa kupanga na ujasiri wa kuruka. Mgawanyo huu ni wa Marekani. Afrika Mashariki haukufuata kalenda hiyo. Katika miji kama Kasulu na Kibondo, kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, mieleka ya Marekani ilifika kwa mikanda ya video na baadaye kwa dishi, bila maelezo yoyote kuhusu siri yake. Hivyo watu wengi walianza kuiamini wakati wenyewe Wamarekani walikuwa wameshaacha.

Nini kimepangwa na nini ni cha kweli

Mtu akisema "mieleka ni uongo" anasema nusu tu ya jambo. Kilichopangwa ni mshindi, sababu ya ugomvi, na mara nyingi namna pambano litakavyomalizika. Ngumi nyingi hutua kwa mkono uliolegezwa, na mpigaji hukanyaga sakafu kwa kishindo wakati huohuo ili sikio la mtazamaji lilidanganye jicho lake. Sakafu yenyewe ni ya mbao juu ya fremu ya chuma, imefunikwa sponji nyembamba na turubai. Hunesa kidogo na kutoa mlio mkubwa. Anayerushwa humsaidia mrushaji kwa kuruka yeye mwenyewe, kisha huanguka kwa mgongo mzima, mikono ikiwa imetandazwa na kidevu kimebanwa kifuani, ili uzito usiangukie sehemu moja ya mwili.

Lakini kuanguka ni kuanguka. Mwili wa kilo 100 na zaidi unaopigwa sakafuni usiku baada ya usiku huharibika magoti, mgongo na shingo. Damu nayo mara nyingi ilikuwa damu kweli: mwanamieleka alificha kipande cha wembe kwenye bandeji ya mkononi, akajikata paji la uso akiwa amejiinamia, na jasho likaichanganya damu hiyo hadi uso wote ukawa mwekundu. Mwamuzi, ambaye kwa mtazamaji ni mtu mzembe asiyeona hila, ndiye anayepeleka maneno baina ya wapiganaji na kuwakumbusha muda uliobaki.

Enzi ya kulinda siri

Mwanzoni mwa karne ya 20 mapambano makubwa yalisimamiwa kama mashindano halisi. Tarehe 3 Aprili 1908 huko Chicago, Frank Gotch wa Marekani na George Hackenschmidt, mzaliwa wa Estonia, walipambana kwa zaidi ya saa mbili kabla Hackenschmidt hajakubali kushindwa. Mapambano ya namna hiyo yalikuwa na tatizo moja: watu wawili wenye nguvu sawa wanaweza kulaliana chini kwa muda mrefu bila lolote kutokea, na aliyelipa kiingilio huchoka. Katika miaka ya 1920 Ed "Strangler" Lewis, meneja wake Billy Sandow na Toots Mondt walibadilisha biashara hiyo. Waliweka ukomo wa muda, wakaongeza mirusho na ngumi, wakapanga washindi mji kwa mji.

Hatari ya mpango huo ilionekana mwaka 1925. Wayne Munn, mcheza mpira wa miguu wa Kimarekani mwenye umbo kubwa lakini asiyejua mieleka sana, alipewa ubingwa kwa kuwa angevuta watu. Mwezi Aprili mwaka huohuo Stanislaus Zbyszko, mkongwe kutoka Poland, alikubali kushindwa naye. Walipoingia ulingoni huko Philadelphia akavunja ahadi na kumbwaga kwelikweli mara kwa mara hadi hapakuwa na la kuficha. Baada ya hapo waandaaji walipendelea kumpa mkanda mtu ambaye angeweza kujitetea ikiwa mwenzake angegeuka. Lou Thesz, bingwa wa umoja wa waandaaji ulioanzishwa mwaka 1948, alikuwa mtu wa aina hiyo. Kwa hiyo nyuma ya igizo palikuwa na uwezo wa kweli, na hilo ni jambo ambalo wapenzi wa mieleka ya zamani hulitaja kwa fahari hadi leo.

Nje ya ukumbi sheria ilikuwa kali. Shujaa na adui yake hawakusafiri gari moja wala kula meza moja. Aliyevunjwa mguu Jumamosi alitakiwa achechemee sokoni Jumatatu. Mwezi Desemba 1984 mwandishi wa televisheni John Stossel alipomwambia David Schultz usoni kwamba mieleka ni ya kuigiza, Schultz alimzaba makofi mawili ya masikio mbele ya kamera. Mwezi Mei 1987 polisi wa New Jersey walisimamisha gari na kuwakuta ndani yake Jim Duggan na Iron Sheik wakiwa na dawa za kulevya. Kwa kampuni yao, WWF (tangu 2002 huitwa WWE), dawa zilikuwa kosa, lakini aibu iliyovuma zaidi ni kwamba Mmarekani mzalendo na Mwirani mwenye chuki walikutwa wamepanda gari moja.

"Mganda" kutoka Mississippi

Mfano unaowahusu zaidi Waafrika Mashariki ni ule wa Kamala, aliyetangazwa kuwa jitu kutoka Uganda na mlinzi wa zamani wa Idi Amin. Alipakwa rangi usoni na tumboni, akaingia ulingoni miguu peku na mkuki mkononi. Hakusema neno, na aliongozwa na mtu aliyevaa kinyago kana kwamba ni mnyama wa kufugwa. Alijifanya hata hajui kanuni, akawa anawalalia wapinzani wakiwa wamelala kifudifudi. Jina lake halisi lilikuwa James Harris, mzaliwa wa Senatobia, Mississippi, mwaka 1950. Alianza uhusika huo mwaka 1982 huko Memphis. Alipoteza miguu yote miwili kwa ugonjwa wa kisukari, akafariki mwaka 2020.

Kamala aliaminika kwa sababu watazamaji wake hawakuwa wamewahi kumwona Mganda. Mtu yeyote wa Kampala, Bukoba au Kasulu angegundua udanganyifu kabla hajafika ulingoni, maana hakuna kabila la Uganda linalovaa wala kujipaka namna ile. Hapa ndipo siri ya zamani inapoonekana kwa sura yake isiyopendeza: haikuishi kwa ufundi peke yake, iliishi pia kwa ujinga wa mtazamaji kuhusu nchi za wengine. Miaka mingi baadaye Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, alianza WWE mwaka 2008 akitangazwa kuwa Mjamaika. Jambo hilo liliachwa mwaka uliofuata, na aliposhinda ubingwa wa WWE tarehe 7 Aprili 2019 alisherehekewa kwa asili yake ya Ghana.

Amin mwenyewe nusura aingie katika historia ya mchezo huu. Mwanamieleka wa Japani Antonio Inoki alikuwa amepambana na bondia Muhammad Ali jijini Tokyo tarehe 26 Juni 1976. Pambano lile halikuwa na mshindi aliyepangwa. Kwa raundi nyingi Inoki alilala chali akimpiga Ali mateke ya miguu, Ali akashindwa kumfikia, na likaisha sare huku watazamaji wakizomea. Ni moja ya ajabu za mieleka kwamba lilipotolewa la kweli, watu walidai fedha zao. Mwanzoni mwa 1979 ilitangazwa kwamba Inoki angepambana na Idi Amin nchini Uganda mwezi Juni, Ali akiwa mwamuzi. Vita vya Kagera vilimaliza mpango huo: majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na Amin akawa amekimbia.

Siri kufunguliwa

Siri haikuvunjwa na waandishi wa habari, bali na hesabu za fedha. Mwezi Februari 1989 WWF iliwaambia wabunge wa jimbo la New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani na si mashindano, ili isisimamiwe na tume ya michezo wala kutozwa kodi zake. Tarehe 19 Mei 1996, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, wanamieleka wanne, wawili wazuri na wawili wabaya, walikumbatiana ulingoni kumwaga wenzao waliokuwa wakihama. Wazee wa mchezo walikasirika sana. Tarehe 9 Novemba 1997 huko Montreal, Bret Hart alinyang'anywa ubingwa kwa kengele iliyopigwa bila yeye kujua, baada ya kukubaliana na mwajiri wake matokeo mengine. Tangu hapo watazamaji walianza kuuliza swali jipya: ni kipi kati ya wanachokiona hakikuwa kwenye mpango?

Swali hilo lilipata jibu baya mwaka 1999. Tarehe 23 Mei, huko Kansas City, Owen Hart, mdogo wake Bret, alikuwa akishushwa kwa kamba kutoka darini kama sehemu ya vichekesho vya uhusika wake. Kifungo kilifunguka akaanguka zaidi ya meta 20 na kufariki. Mtangazaji Jim Ross alilazimika kuwaeleza watazamaji wa televisheni, tena na tena, kwamba hilo halikuwa sehemu ya maonyesho. Mchezo uliotumia miaka 80 kuwaaminisha watu mambo yaliyopangwa ulijikuta ukiwaomba waamini jambo la kweli. Maonyesho ya usiku ule hayakusitishwa, na uamuzi huo unalaumiwa hadi leo.

Kuhusu mtindo wa kupigana, wakosoaji wa mieleka ya sasa husema mipango imekuwa mingi mno. Zamani wapiganaji wengi walijua mwisho tu, mengine wakanong'onezana palepale huku wakisikiliza ukumbi. Siku hizi mfululizo mzima hufanyiwa mazoezi. Mabadiliko hayo si ya jana: Randy Savage na Ricky Steamboat walipanga kila hatua ya pambano lao la tarehe 29 Machi 1987, na bado linahesabiwa kati ya mapambano bora kabisa. Kinachoharibu ni pale mtu anaposimama amefungua mikono kumsubiri mwenzake anayejiandaa kuruka juu ya kamba. Wanaotetea mtindo mpya hujibu kwamba miruko ya leo ni ya hatari na ustadi ambao wa zamani hawakuwa nao. Yote mawili ni kweli, ila mtazamaji anayeona ushirikiano waziwazi hawezi kuwa na hofu, na bila hofu anayebwagwa hahurumiwi.

Kasulu na Kibondo

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Katika wilaya za mbali kama Kasulu na Kibondo picha zilizotembea zilitegemea deki, mikanda ya kukodi na umeme wa jenereta, kwani kabla ya gridi ya Taifa kufika miji hiyo ilitumia mitambo ya dizeli. Mahali pa kutazamia palikuwa kibanda cha video, maarufu kwa jina la kibanda umiza: chumba cha giza chenye mabenchi, turubai mlangoni na kiingilio kidogo. Mkanda wa mieleka uliwekwa baada ya filamu ya kivita ya Marekani au ya kung fu ya Hong Kong, kwa sauti ya Kiingereza isiyoeleweka na wengi.

Utaratibu huo ulikuwa na matokeo yake. Mtazamaji wa Marekani alikuwa na magazeti ya mieleka, mahojiano na uvumi. Wa Kasulu alikuwa na mkanda tu, mara nyingi wa zamani na usio na mwanzo. Hakujua ugomvi ulianzaje wala uliishaje. Alichokuwa nacho ni miili miwili na ujuzi wake wa filamu, na ujuzi huo ulimtosha kuwagawa: huyu ni stelingi, yule ni adui. Stelingi atapigwa sana, atavuja damu, kisha atainuka. Mwandishi Mfaransa Roland Barthes aliandika mwaka 1957 kwamba watazamaji wa mieleka hawaendi kutafuta nani hodari, bali kuona uovu, mateso na haki vikiwekwa wazi mbele yao. Barthes alikuwa akizungumzia kumbi za Paris, lakini maelezo yake yanafaa kwa kibanda umiza bila kubadilishwa.

Undertaker ndiye aliyeleta mabishano makali. Mwanamieleka huyu, Mark Calaway kwa jina lake halisi, alianza mwaka 1990 akiwa mzika maiti asiyehisi maumivu, akazikwa na "kufufuka" mara kadhaa hadi alipostaafu mwaka 2020. Kwa sehemu kubwa ya muda huo aliilinda sura yake hadharani kama walivyofanya wazee. Katika jamii ambayo habari za mizimu na za watu kuchukuliwa misukule si mzaha, mtu anayetoka jenezani hakuonekana kuwa mbinu ya televisheni. Mabishano hayakuwa kuhusu kama pambano limepangwa, bali kuhusu kama huyu ni mtu.

Isidhaniwe kwamba watu wa nyanda hizo hawakujua tofauti ya kweli na mchezo. Kubwagana ni mchezo wa kale wa vijana wachungaji katika sehemu nyingi za Tanzania, na aliyewahi kula mweleka malishoni anajua kwamba hakuna mpinzani anayesubiri anyanyuliwe begani. Wapo waliolisema hilo mapema kibandani na kunyamazishwa na wenzao. Hadithi za jioni zina kanuni ileile: fanani akisema "Paukwa!", hadhira hujibu "Pakawa!", na baada ya hapo hakuna anayeuliza sungura alijifunza wapi kusema. Mieleka ilikosa neno la kufungulia kama hilo, kwa hiyo kila mtazamaji alijiamulia mwenyewe kama aliyoingia ni hadithi au habari.

Kongo na Uganda

Majirani wa Kigoma wana mieleka yao ya maonyesho. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huitwa catch, jina lililotoka Kifaransa, na mjini Kinshasa ipo aina yake ambayo mpiganaji hutumia dawa za kienyeji hadharani. Humpulizia mpinzani unga, humnyoshea hirizi, naye mpinzani hupumbaa, hucheza ngoma au huanguka bila kuguswa. Edingwe, anayejiita Moto na Ngenge, ni mmoja wa waliovuma kwa mtindo huo. Hapo kuaminika hakutegemei tena uzito wa ngumi, maana ngumi haipo. Anayesadiki nguvu za mganga ameshaaminishwa kabla ya kengele, na asiyesadiki hucheka na kulipa kiingilio vilevile. Watanzania wanaotania kuhusu "kamati za ufundi" za klabu za soka wanaielewa hali hiyo bila kufafanuliwa. Tangu mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu imepokea maelfu ya Wakongo, wengi wao kutoka Kivu Kusini.

Nchini Uganda, Daniel Bumba, anayejulikana kama Bumbash, alianzisha mwaka 2023 kikundi cha Soft Ground Wrestling katika eneo la Mukono. Ulingo wao wa kwanza ulikuwa wa fito na kamba juu ya udongo uliolowanishwa ukawa tope, kwa kuwa ulingo wa kweli ni ghali. Video zao zilienea duniani kupitia simu. Vijana hao huiga mieleka ya sasa, wanapanga, na hawafichi. Hata hivyo watazamaji wengi waliwaona kuwa wa kuaminika kuliko kampuni tajiri, kwa sababu ya tope: mtu anayeanguka ndani yake huchafuka kweli na huinuka kwa shida.

Watoto na uigaji

Suala la kuaminika lina uzito wa pekee kwa watoto. Mwaka 1999 huko Florida mvulana wa miaka 12 alimwua mtoto wa kike wa miaka 6, na mawakili wake walidai kwamba alikuwa akiiga mieleka ya televisheni. Baraza la mahakama halikukubali utetezi huo na alitiwa hatiani mwaka 2001. Hukumu hiyo ilitenguliwa baadaye. WWE kwa miaka mingi imeonyesha tangazo la kuwataka watazamaji wasijaribu nyumbani.

Tangazo hilo lilikuwa kwa Kiingereza, na kwenye mikanda iliyorudufiwa mara nyingi lilikuwa limekatwa. Mtoto aliyetazama Kibondo aliona mtu akibwagwa kwa shingo kisha akisimama, na kesho yake alikuwa na wenzake kwenye uwanja wa shule. Alichokosa si onyo peke yake. Hakuambiwa kwamba sakafu ile ni mbao zinazonesa, kwamba anayebwagwa ndiye aliyeruka, na kwamba kichwa chake hakikugusa chini. Uwanja wa shule ni udongo uliokauka. Mtoto anayeamini kwamba pambano ni la kweli hujifunza kuwa shingo haivunjiki, na anayeambiwa tu kwamba "ni uongo" hujifunza jambo hilohilo: kwamba hakuna anayeumia.